Chupa Haifunguliwi Mpaka Mlima Uonekane

Juzi alasiri, nikiwa nimejinyoosha kwenye kochi kusubiri keki ya watu ipoe, usingizi ulinipitia nikaota niko barabarani, nakwenda Marangu. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa ndoto. Katika ukoo wetu anayeota ni shangazi, na yeye huota vitu vyenye faida, kama vile mahali alipo mbuzi aliyepotea.

Nilikuwa ndani ya Pijo ya baba, ile pikapu ya kijivu iliyokuwa na mlango mmoja wa bluu. Baba yangu, Mzee Kaanaeli, alikuwa fundi wa mitambo katika shamba la mkonge karibu na Korogwe. Kila Desemba, mama akishatangulia na basi, baba alitupakia mimi na kaka yangu Eliawony kiti cha mbele, tukaenda nyumbani mlimani. Katikati yetu ilikaa chupa ya chai, nyekundu, yenye picha za mawaridi. Kanuni ya baba ilikuwa moja tu: chupa haifunguliwi mpaka mlima uonekane. Wa kwanza kuiona Kibo, kilele cheupe cha Kilimanjaro, aliitaja kwa sauti, baba akasimamisha gari, na huyo ndiye aliyekunywa kikombe cha kwanza. Kila mwaka nilikuwa mimi. Nilikuwa na macho makali, na sikuacha kumkumbusha Eliawony jambo hilo mpaka Krismasi ipite.

Katika ndoto baba hakuwepo. Kwenye usukani ilikaa chupa.

"Funga mkanda," ikasema.

Nikaiambia Pijo haikuwahi kuwa na mikanda. Ikajibu kwamba inajua, lakini ni lazima iseme. Ilikuwa na sauti ya mzee wa kanisa anayesoma matangazo.

"Wewe si uko juu ya kabati langu Mbeya?" nikauliza.

"Nilikuwa huko," ikasema. "Miaka kumi na mmoja. Vumbi lako ni jingi, binti Kaanaeli."

Hapo inabidi nieleze, maana ni kweli, hata nikiwa macho. Baba alifariki miaka kumi na mmoja iliyopita. Nilikuwa Mbeya. Niliwasha gari siku hiyohiyo, nikafika Kitonga nikakuta lori limelala katikati ya mlima, barabara imezibwa, na nikakaa pale zaidi ya siku nzima. Nilipofika Marangu kaburi lilikuwa limeshafunikwa, mashada yameshawekwa, watu wanakula. Eliawony ndiye mtoto wa kiume pekee. Neno lake moja lingetosha kuwasubirisha wote, na hakulisema. Nilimwambia mbele ya ukoo kwamba kuanzia siku ile sina kaka.

Mwezi mmoja baadaye akanitumia kwa basi mkungu wa ndizi na chupa ya baba. Hakukuwa na barua. Niliitikisa chupa, kimya. Kwetu chombo hakisafiri kitupu. Hata bakuli la jirani unalirudisha na chochote ndani, walau ndimu mbili. Nikaelewa kwamba kaka yangu amenitumia utupu, nikaipandisha chupa juu ya kabati bila hata kugusa kizibo.

Basi ndiyo hiyo sasa iliyokuwa inaendesha, tena vizuri kuliko baba.

Tukafika kwenye kibao cha mwendo cha themanini. Kibao kikainua mkono, chupa ikasimamisha gari.

"Abiria ana umri gani?"

"Hamsini na nne," nikasema.

"Hapa ni themanini."

Nikazeeka palepale. Magoti yakaanza kuuma, na nikajikuta namlalamikia mtu ambaye hakuwepo kuhusu vijana wa siku hizi. Bahati nzuri Mombo haiko mbali. Pale kibao kilikuwa cha hamsini, nikapunguzwa mpaka hamsini kamili, na miaka iliyozidi ikashushwa kando ya barabara ndani ya viroba. Nilikuwa bado na maumivu ya mgongo, lakini yalikuwa maumivu yangu mwenyewe.

Baada ya Mombo, upande wa kushoto kwenye ile tambarare ya mkonge, ukoo wetu wote ulikuwa unalima. Baba wadogo watatu, shangazi, mabinamu mpaka yule wa Arusha ambaye hajawahi kushika jembe. Kila mmoja alikuwa na kikapu kitupu pembeni. Baba mdogo Ndewario akaja mpaka dirishani, jasho linamtoka.

"Bado tu?" akauliza.

Nilijua anachouliza. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, na wakipatana chukua kikapu ukavune. Hawa walikuwa wametii.

"Bado," nikasema.

Akaangalia nyuma yake. Walikuwa wamelima mpaka upeo wa macho. Akasema sawa, akarudi kwenye mstari wake, na shangazi akanitazama kwa jicho ambalo nalifahamu tangu utoto. Nikaona aibu. Nikaiambia chupa iongeze mwendo.

Same kulikuwa na kibao cha thelathini. Shingo ikanyooka, mgongo ukapona, nikakumbuka kwamba niliwahi kuwa na gauni la njano. Na hapo ndipo nilipoanza kutazama nje kwa bidii, mbele upande wa kushoto, kama tulivyokuwa tunafanya zamani. Kutoka Mwanga kuelekea Himo ndiko Kibo huchomoza, kama siku ni safi. Nakumbuka moyo ulivyokuwa unadunda. Nakumbuka harufu ya mafuta ya gari na maganda ya machungwa ya Korogwe, na goti la Eliawony limebana goti langu, na baba anapiga mluzi wimbo mmoja wa kwaya asioujua mwisho wake.

Kibo haikuwepo. Haikuwa imefunikwa na mawingu. Mbingu ilikuwa safi mpaka chini, na mahali pa mlima palikuwa wazi, kama ukutani palipoondolewa picha.

Himo, kwenye nguzo ya umeme, palikuwa na karatasi imebandikwa: *Nimetoka kidogo.* Mwandiko ulikuwa mkubwa na wa kutulia. Chini yake mama mmoja alikuwa anapanga vichane vya ndizi mbivu.

Nikamwamkia, nikamuuliza mlima uko wapi.

"Mlima ulikwenda Kitonga, mwanangu," akasema bila kuacha kupanga. "Ulisikia binti wa Kaanaeli amekwama huko, ukasema si vizuri mtu afiwe peke yake barabarani. Hatujauona tangu hapo."

"Na watalii?"

"Wanapanda hivyohivyo. Wameshafunga safari."

Nikamwambia binti wa Kaanaeli ni mimi, na kwamba kule Kitonga sikuona mlima wowote wa kigeni. Akaniuliza nilikuwa natazama wapi. Nikafikiri. Nilikuwa nimeinamia usukani, nalia. Sikuwa nimetazama popote.

"Haya," akasema, akanipa ndizi moja. "Nenda kaungojee."

Barabara ya Marangu ikapanda hata hivyo, kwa mazoea. Ilikuwa na matuta ishirini na mawili, na kila tuta lilinipunguzia mwaka mmoja, kwa hiyo tulipofika lango la hifadhi nilikuwa na miaka minane na miguu haifiki chini. Chupa ikaegesha gari, ikaniomba niibebe. Ikasema yenyewe ni ya kuendesha tu, kupanda si kazi yake.

Langoni wapagazi walikuwa wamepanga mstari na mizigo yao, na mizani inapima. Ilikuwa mizani ya kuning'inia, yenye ndoano na uso wa mviringo. Kando yake kibao cha kanuni kilikuwa kinajisomea: usiache chochote ila nyayo, kila kinachopanda lazima kishuke. Kikimaliza, kinaanza tena.

Zamu yangu ikafika. Nikaitundika chupa.

"Ni tupu," nikaieleza mizani.

"Chupa tupu za aina hii nazijua," ikasema. "Hii imezidi gramu nne."

"Labda ni chai iliyokaukia ndani."

"Chai naijua pia."

Sikupenda namna ya sauti ile. Nikaiuliza, kwa kuwa ilionekana ina kumbukumbu, kama Mzee Kaanaeli aliwahi kupita pale, fundi, mrefu, mwenye mluzi. Mshale wake ukatetemeka kidogo ukitafuta.

"Alipita," ikasema. "Hakuwa na mzigo."

Nikashukuru. Kwa kweli nilifurahi kuliko nilivyotegemea, na nikasimama pembeni kwanza nikajifuta uso na sketi.

Sasa napanda. Mlima haupo, lakini njia ipo, imening'inia peke yake hewani na mawe yake na mizizi yake. Chini yangu naona migomba na mabati ya watu. Mbega wamekaa mahali ambapo kwa kawaida pana matawi, wananitazama. Hakuna anayeanguka. Inaonekana hakuna aliyewaambia.

Njiani naona nyayo. Nazitambua mara moja. Baba alitupandisha mara moja tu, mpaka vibanda vya Mandara na kurudi, nikiwa na umri huuhuu. Kanuni iliruhusu tuache nyayo, tukaziacha, na hakuna aliyepita kuziambia ziondoke. Za baba ni ndefu, ziko mbele kabisa. Zangu ni zile fupi zinazoyumba. Za Eliawony ziko katikati, na kila zikifika kwenye kona, zinageuka. Vidole vinaelekea chini, kule nilikotoka. Zinakaa hapo mpaka zangu zifike, kisha ndipo zinaendelea.

Nilikuwa nimesahau jambo hilo. Kaka yangu alikuwa na miaka kumi, ana miguu ya swala, angeweza kufika Mandara na kunywa chai kabla sijatokea. Alinisubiri kila kona. Hakuniita, hakunicheka. Alikaa juu ya jiwe akachuna nyasi mpaka anione, akasimama, akaenda.

Nikahesabu kona. Kwenye ya kumi na saba, nyayo zilikuwa na mtu juu yake.

Alikuwa Eliawony, miaka kumi, amevaa suti nyeusi aliyoivaa siku ya mazishi ya baba. Mikono ya koti ilimzidi mpaka magotini. Alikuwa anachuna nyasi.

"Umechelewa, Aika," akasema.

"Lori lilianguka Kitonga."

"Najua."

Nikakaa kwenye jiwe la upande wa pili. Nilikuwa na swali moja, nimelibeba miaka kumi na mmoja, na kwa umri wa miaka minane lilikuwa jepesi kulisema.

"Kaka, mbona hukunisubiri?"

Akakunja mikono ya koti, ikajikunjua.

"Baba wadogo walisema mvua inakuja, kaburi litajaa maji. Nilitaka kusema tungoje. Niliwaogopa. Sauti nilikuwa nayo, Aika, sikuitoa. Watu walipokwenda kula, mimi nilikwenda kukaa pale njia panda, kwenye kona, nikakungoja. Ulinipita na gari. Hukuniona."

Siku ile sikuwa nimetazama kando.

"Halafu nikakutumia jani la isale," akasema. "Nililipiga fundo mwenyewe. Na wewe ukalikataa."

Asiyetoka kwetu nimweleze. Mchaga akikukosea, akakuletea jani la isale lililofungwa fundo, amekwisha kusema yote, na wewe umekwisha kusamehe. Halikataliwi. Watu wamesamehe vifo kwa jani hilo. Mtu anayelikataa sijawahi kumsikia, na sasa naambiwa ni mimi.

"Sikuliona jani lolote," nikasema.

"Nililiweka mahali lisinyauke. Safari ya Mbeya ni siku mbili."

Nikaitazama chupa. Chupa ikatazama mbali, kama wanavyofanya watu wazima wanapowaachia watoto wamalize.

"Ifungue," akasema Eliawony.

"Mlima haujaonekana."

Hilo hata yeye alilielewa. Kanuni ni kanuni. Tukakaa tunangoja, yeye kwenye jiwe lake na mimi kwenye langu, chupa katikati, kama kiti cha mbele cha Pijo.

"Kwa faida ya wote," ikasema chupa baada ya muda, kwa ile sauti ya matangazo, "kanuni ilisema mlima. Haikusema upi."

Sikuielewa, na sikupata nafasi ya kuuliza, kwa sababu njia ilianza kutikisika.

Mlima ulikuwa unarudi. Ulikuja kwa miguu kutokea upande wa Same, unahema, theluji yake imeshikwa mkononi kama kofia ya mtu anayeingia ndani. Ulipita juu ya Himo kwa uangalifu usimkanyage mtu. Yule mama wa ndizi akasogeza kichane kimoja. Ulipofika ukainama, ukajipenyeza chini ya njia polepole, na mbega wakashtuka kidogo kukuta wana matawi.

"Samahani nimechelewa," ukasema. "Nilimngoja mpaka nikajua amepita. Halafu pale Kitonga barabara ikawa imefungwa tena."

"Hamna neno," nikasema. "Ni mimi niliyekuwa nangojewa."

"Ulikuwa umeinama," ukasema mlima. Haukuwa unalaumu. "Niliona kisogo tu."

Ukavaa theluji, ukanyamaza, ukawa mlima. Na Kibo ikawa pale, nyeupe, karibu kuliko nilivyowahi kuiona, imesimama mbele ya uso wa Eliawony.

Nilimwona anaiona. Macho yake yalifika kwanza, na si kwa mara ya kwanza. Yakatua pale juu, yakatulia, kisha akayashusha akaanza kutazama kamba za viatu vyake, kwa bidii, kama mtu anayetafuta kitu. Alikuwa anangoja niseme.

Kila Desemba. Kila mwaka, pale baada ya Mwanga, kaka yangu alikuwa anainama kufunga viatu ambavyo vilikuwa vimefungwa.

"Kibo," nikasema, na sauti ikakatika.

"Umeshinda tena," akasema Eliawony. "Una macho wewe."

Kule chini, mbali, kwenye tambarare ya Mombo, mtu mmoja akanyoosha mgongo na kutupa jembe. Kizibo cha chupa kikafyatuka.

Nikaamka kwa mlio huo. Sebuleni hakukuwa na kitu kilicholia. Ilikuwa kama saa kumi, keki ilikuwa mezani imepoa, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Dirishani kulikuwa na Loleza, imejaa kioo chote, ya kijani, imekaa pale ilipokaa kila siku ya miaka hii yote nikikanda unga mbele yake.

Ni mlima. Mtu yeyote wa Mbeya atakwambia ni mlima.

Nikavuta stuli, nikaishusha chupa, nikaifuta vumbi. Lilikuwa jingi kweli. Niliitikisa, na safari hii ikatoa sauti ndogo kavu ambayo haikuwepo siku ilipofika. Jani bichi halina kelele. Nikajisikia mjinga kusimama jikoni kwangu na miaka hamsini na nne nikiliambia dirisha "Kibo", lakini nilisema, ndipo nikang'oa kizibo.

Sikuweza kulitoa kwa kidole. Nilitumia kile kijiti ninachochomea keki kuona kama imeiva. Likatoka likiwa limejikunja, limekuwa kahawia, fundo katikati bado limekaza. Fundo la Eliawony nalijua. Ndiye aliyenifundisha kufunga viatu.

Nilikaa nalo mapajani muda mrefu. Nililia, sitaficha, na sikuinamisha kichwa. Halafu, kwa kuwa mimi ni mtu wa jikoni na siamini mpaka nipime, nikaliweka kwenye mizani yangu ya unga. Namba zikahangaika kidogo, zikasimama kwenye nne.

Namba ya simu ya Eliawony ninayo. Tuko kundi moja la ukoo, yeye huandika pole na hongera, mimi husoma tu. Nikapiga. Iliita mara moja ikapokewa, kisha nikasikia pumzi ya mtu ambaye hajui aanzie wapi.

"Kaka," nikasema. "Nimefungua chupa."

Nilisikia kuku upande wake, na mbali kidogo kengele ya kanisa letu. Miaka kumi na mmoja, na bado hakutaka kunikimbiza.

"Mlima umeonekana?" akauliza.

Nikamwambia umeonekana. Ulichelewa tu kidogo, barabara ya Kitonga ilikuwa imefungwa.